Kumtoa mgonjwa wa traki kwenye mashine ya kupumulia, hatua kwa hatua

Hii nawaandikia manesi, madaktari wa zamu na watu wa fizio mliopo ICU (wodi ya mahututi), hasa hizi ICU zetu za vitanda vichache ambazo mgonjwa mmoja akikaa kwenye mashine wiki tano kuna wengine huko emajensi wanasubiri hicho hicho kitanda. Ndugu wa wagonjwa mnaweza kusoma ili muelewe kinachoendelea, ila haya mambo msijaribu wenyewe, tafadhali.

Naongelea mgonjwa ambaye tayari ana trakiostomi (traki), yaani tundu la shingoni na mrija wake, na bado anategemea mashine. Yule wa mpira wa mdomoni ana utaratibu wake, simgusi hapa. Kwa kawaida mtu akivuka siku 21 kwenye mashine, angalau saa 6 kila siku, anahesabiwa ni mgonjwa wa muda mrefu na huyu hatoki kwa ile staili ya kumjaribu nusu saa asubuhi akifaulu unachomoa. Kwetu ni akina nani hao? Kijana wa bodaboda aliyeumia kichwa au shingo, mgonjwa wa pepopunda, Guillain-Barré (ugonjwa wa neva unaolegeza misuli), aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu halafu akapata nimonia juu yake, mama wa kifafa cha mimba aliyechelewa kuzinduka.

Niseme msimamo wangu mapema kabisa. Wengi wa hawa wanachelewa kutoka kwa sababu mpango unabadilika kila shifti. Asubuhi daktari anapunguza sapoti (msukumo wa mashine), mchana anakuja mwingine anairudisha, usiku sista anaona mgonjwa anahangaika anaweka mode (mpangilio wa mashine) ya mwanzo, hakuna aliyeandika, kesho yake mnaanza moja. Kwa hiyo kabla ya yote chukua karatasi moja, andika mpango wa wiki nzima, ibandike kitandani au ukutani pale mashine ilipo, na mtu yeyote akitaka kuubadilisha aandike jina, saa na sababu. Hiyo karatasi itakusaidia kuliko mashine ya bei mbaya.

Kwanza: yuko tayari?

Jiulize ugonjwa uliomleta kwenye mashine umetulia au la. Kama nimonia bado inawaka, au mishtuko ya pepopunda bado inamkaza, unampotezea nguvu bure. Baada ya hapo angalia vitu vya kawaida: oksijeni isizidi asilimia 40 mpaka 50, PEEP (presha inayobaki mapafuni mwisho wa pumzi) 5 mpaka 8, dawa za kupandisha presha zimekwisha au kadozi kadogo tu, homa haipo, damu (hemoglobini) angalau 7, na anaamka ukimwita. Sio lazima awe mzima akili zote, wagonjwa wa kichwa wengine hawafuati maelekezo na bado wanapumua vizuri tu.

Dawa za usingizi ndo mtego mkubwa. Midazolam na dayazepamu zinakaa mwilini muda mrefu, hasa figo au ini likiwa na shida, unaweza ukafunga drip leo ukamsubiri siku kadhaa azinduke. Zipunguze mapema, usisubiri siku ya kuanza mazoezi.

Kuna ile hesabu ya pumzi, wengi mnaijua, unachukua idadi ya pumzi kwa dakika unagawanya kwa ujazo wa kila pumzi kwa lita. Mtu anapumua mara 30 na kila pumzi ni mililita 250, yaani 30 gawanya kwa 0.25, unapata 120. Watafiti Yang na Tobin mwaka 1991 waliweka mstari kwenye 105, ukizidi hapo uwezekano wa kufeli ni mkubwa. Itumie kama dokezo tu. Mgonjwa wa traki akifeli jaribio unamrudisha kwenye mashine kwa sekunde kumi, hakuna kuingiza mpira upya, kwa hiyo usiwe mwoga kujaribu kwa sababu ya namba moja.

Pili: kagua traki yenyewe

Hapa watu wanapita haraka na ndo wanapokwama. Presha ya kafu (puto linalozunguka mrija ndani ya koo) iwe kati ya 20 na 30 sentimita za maji, pima kwa manomita. Kubonyeza lile puto dogo la nje kwa vidole ukasema "iko poa" sio kipimo. Kanula ya ndani (mrija mdogo ndani ya traki) kama ipo itoe uisafishe, utashangaa makohozi yaliyoganda humo, mtu anahangaika kupumua kupitia katundu kama ka kalamu halafu tunaandika kwenye faili kwamba amefeli. Hakikisha mrija umekaa katikati na mipira ya mashine haiuvuti upande.

Pembeni ya kitanda, sio kwenye kabati la ofisi ya sista, viwepo: traki ya saizi ile ile na nyingine ndogo kidogo, sirinji ya kutoa upepo wa kafu, ambubegi (mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono) na maski ya usoni, mashine ya saksheni (ya kuvuta makohozi) inayofanya kazi na mirija yake. Mrija wa saksheni usizidi nusu ya upana wa ndani wa traki. Hesabu ya haraka ni saizi ya traki toa 2 zidisha mara 2, traki namba 8 inapata mrija namba 12. Usikae ndani zaidi ya sekunde 15. Traki ikiwa mpya, chini ya wiki moja, ikichomoka usihangaike kuirudisha gizani, njia bado haijajitengeneza unaweza kuipeleka pembeni ya koromeo. Ziba tundu, mpe oksijeni na pumzi kwa mdomo na pua, ita watu. Na kabla ya yote haya ujue kama njia yake ya juu iko wazi, maana aliyetolewa zoloto (kisanduku cha sauti) kabisa hapumui kwa mdomo hata ufanyeje, huyo lazima awe na bango kubwa kitandani.

Tatu: chagua njia moja

Ziko njia mbili za maana. Moja ni kumwacha kwenye mashine unapunguza presha sapoti (msukumo anaopewa kila akivuta pumzi) kidogo kidogo. Nyingine ni kumtoa kabisa, unamvalisha maski ya shingo yenye oksijeni na unyevu, anapumua mwenyewe kwa muda uliopanga, halafu anarudi kupumzika.

Mimi ni wa njia ya pili, na sio kwa mapenzi tu. Jubran, Tobin na wenzao walilinganisha hizi mbili kwenye hospitali ya wagonjwa wa muda mrefu huko Illinois, Marekani, majibu yakatoka 2013: wa maski ya shingo nusu yao walikuwa wametoka ndani ya siku 15, wa presha sapoti siku 19. Vifo havikutofautiana. Ila kinachonigusa zaidi kwenye ule utafiti ni kwamba kati ya wagonjwa 500 waliofika pale, kama theluthi hivi walipotolewa tu kwenye mashine wakapumua bila shida, hawakuhitaji mpango wowote. Maana yake walikuwa wameshapona, hakuna aliyewajaribu tu huko walikotoka. Nawaza ni wangapi wa kwetu wako hivyo.

Ukimweka mtu kwenye maski unaona kwa macho anapumuaje, hakuna mashine inayomfichia udhaifu. Ile mode ya SIMV (mashine inatoa pumzi kadhaa, nyingine anavuta mwenyewe) kwa ajili ya kumtoa mtu achaneni nayo, tangu utafiti wa Hispania wa 1995 ilishaonekana inachelewesha, nashangaa bado naikuta.

Nne: ratiba, mchana kazi usiku kulala

Anza asubuhi akishaogeshwa na kupumzika kidogo, sio wakati wa kuogeshwa. Mkalishe, kichwa cha kitanda juu, saksheni, halafu mwambie unachofanya hata kama hajibu. "Mzee, leo tunaanza mazoezi, nakutoa kwenye mashine nusu saa, niko hapa hapa siendi popote, ukichoka nyanyua kidole nakurudisha." Na kweli usiondoke. Ukimuahidi uko pale halafu ukaenda kunywa chai, kesho akiona maski tu mapigo yanapanda.

Mgonjwa dhaifu sana dakika 15 mara mbili kwa siku zinatosha kuanzia. Wa wastani nusu saa, kesho saa moja, halafu mbili, nne, nane, kumi na mbili. Ngazi ikimshinda usirudi mwanzo, unarudi ngazi moja tu chini na kesho unajaribu tena. Mwenye nguvu muache mpaka achoke mwenyewe, kwenye ule utafiti wa Illinois walikuwa wanawaacha kwa muda usiozidi saa 12 siku mbili za kwanza, usiku wanarudi kwenye mashine, siku ya tatu muda usiozidi saa 24.

Usiku arudi kwenye sapoti kamili. Kamili kweli, usimwekee sapoti ya kubania eti aendelee na mazoezi. Misuli ya kupumua inajengeka ikipumzika. Ila ujue pia kuiacha bila kazi kabisa ni hatari: mwaka 2008 watafiti walipima diaframu za watu waliokuwa kwenye mashine bila kupumua wenyewe kwa saa 18 mpaka 69, nyuzi za msuli zilikuwa zimesinyaa zaidi ya nusu. Siku tatu tu hizo! Kwa hiyo mchana afanye kazi ya kweli, usiku alale kwa kweli, zima taa, punguza makelele, vipimo visivyo vya lazima visogeze asubuhi, redio ya walinzi huko koridoni iombewe utaratibu.

Unyevu usisahau. Pua haifanyi kazi tena, hewa inaingia kavu moja kwa moja na oksijeni ya mtungi ndo kavu zaidi. Kama una kifaa cha unyevu wa moto vizuri, kama huna mpe nebulaiza ya maji ya chumvi ya kawaida mililita 5 kila baada ya saa nne hivi, na akiwa nje ya mashine bila oksijeni nyingi mvalishe ile filta ndogo ya pua bandia. Ikijaa makohozi itupe.

Halafu piga hesabu ya gesi kabla hujamtoa. Mtungi mkubwa wa J ukiwa umejaa una lita 6,800, kwa lita 10 kwa dakika unakwenda saa 11 na kidogo. Kale ka E ka kusafirishia kana lita 680, kwa kiasi hicho hicho ni saa moja na dakika 8, ushaishiwa. Umeme ukikatika konsentreta (mashine ya kuzalisha oksijeni) inazima na saksheni ya umeme inazima pamoja nayo, kwa hiyo saksheni ya mguu iwepo.

Tano: lini unamrudisha

Pumzi zikizidi 35 kwa dakika zikakaa hivyo dakika tano, oksijeni ya kidole chini ya 90, mapigo juu ya 140 au yamepanda kwa zaidi ya asilimia 20 ya alipoanzia, presha ya juu kuvuka 180 au kushuka chini ya 90, jasho, kuhangaika, au amekuwa mzito ghafla. Huyu wa mwisho wanamkosea sana, anaonekana "ametulia" kumbe kaboni dayoksaidi imepanda anazama. Mtu wa COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba hewa) malengo yake ya oksijeni ni 88 mpaka 92, usimpandishe mpaka 99 ukajisifu.

Angalia mwili kuliko monita. Misuli ya shingo inasimama? Tumbo linaingia ndani wakati kifua kinapanda? Hiyo ni diaframu imechoka, mrudishe hata kama namba bado nzuri. Usimwache afike mwisho kabisa, msuli ukichoka vile unachukua zaidi ya siku nzima kurudi.

Sita: anafeli kila siku, tafuta kwa nini

Kufeli mara mbili tatu mfululizo maana yake kuna kitu, na mara nyingi hakipo kwenye mapafu. Mimi napita hivi.

Maji. Jumlisha balansi (maji yaliyoingia toa yaliyotoka) ya tangu alazwe, sio ya jana tu. Unapomtoa mtu kwenye mashine damu nyingi inarudi moyoni na moyo unasukuma kwa shida zaidi, mwenye moyo dhaifu anajaa maji mapafuni ndani ya dakika chache, presha inapanda, anatoa jasho, watu wanasema ana hofu. Furosemidi ya siku chache inaweza kumtoa mtu aliyekwama wiki mbili.

Chumvi za damu. Potasiamu wote tunaiangalia, fosfeti na magnesiamu tunasahau, na bila fosfeti msuli hauna nguvu. Mtu aliyekonda sana halafu ukaanza kumlisha kwa kasi, fosfeti inaanguka. Kama maabara yenu haipimi, angalau msimlishe kwa pupa siku za mwanzo.

Kaboni dayoksaidi yake ya kawaida. Mtu wa COPD aliyezoea kuishi na 60 (milimita za zebaki), mashine ikamshusha mpaka 40 wiki nzima, figo zinamwaga baikaboneti (inayozuia asidi), ukimtoa tu anarudi kwenye 60 yake bila kinga na damu inakuwa asidi. Hakufeli yeye, tulimseti vibaya. Mwache kwenye kiwango chake.

Tumbo. Hajaenda choo siku sita, tumbo limejaa linasukuma diaframu juu. Mpe dawa ya choo kabla hujaita konsalteshen.

Hofu na usingizi, hivi viwili vinakwenda pamoja. Mtu asiyelala anachanganyikiwa, anaogopa, anapumua haraka haraka. Ndugu anayemjua akae naye wakati wa mazoezi, mama yake au mke wake akimshika mkono anafanya kazi ambayo hakuna dawa inafanya. Usimpoze kwa dayazepamu.

Maambukizi mapya, dawa kama steroidi za muda mrefu, tezi ya shingo isiyofanya kazi, haya yapitie pia. Na mtu wa fizio awepo kila siku, mgonjwa akalishwe pembeni ya kitanda, kwenye kiti, mashine sio sababu ya kulala chali. Kuna vifaa vya kuzoesha msuli wa kuvuta pumzi kwa ukinzani, utafiti wa Florida wa 2011 waliozoeshwa hivyo walitoka asilimia 71, wasiozoeshwa 47. Ulikuwa wa watu wachache, ila kifaa chenyewe ni kadogo na hakihitaji umeme.

Saba: kafu chini, sauti juu

Akifika saa kadhaa kwa siku bila mashine na anameza mate yake, anza kushusha kafu. Safisha mdomo kwanza na koo, maana juu ya kafu kuna bwawa la mate, toa upepo taratibu huku saksheni iko tayari. Halafu vaa glovu, ziba mdomo wa traki kwa kidole wakati anatoa pumzi. Sauti ikitoka, njia ya hewa ya juu iko wazi. Asipoweza kutoa pumzi, achia haraka, traki ni kubwa mno au kuna nyama imeota, hapo daktari wa ENT (masikio, pua na koo) amwangalie.

Ikipita vizuri unaweza kuweka valvu ya kuongelea, inayoingiza hewa kwenye traki na kuilazimisha itokee juu mdomoni. Sikilizeni hapa: VALVU NA KAFU ILIYOJAA NI KIFO. Hewa inaingia haitoki. Pia haivaliwi pamoja na pua bandia, na haivaliwi akilala. Andika kwenye ile karatasi kwa wino mwekundu. Kijana mmoja wa Guillain-Barré alivyovalishwa mara ya kwanza alimwangalia sista akasema "nina kiu", basi, hayo ndo yalikuwa maneno yake baada ya muda wote ule, na kila mtu alikuwa anamuuliza maswali ya maumivu. Kabla ya kumpa maji mpime kumeza kwanza, maji mengi yakiingia mapafuni unarudi hatua ya kwanza.

Wa aina yake

Aliyeumia uti wa shingo ni kinyume na wengine: anapumua vizuri akilala bapa kuliko akikaa, kwa sababu misuli ya tumbo haishiki na diaframu inashuka vibaya. Anza mazoezi kitandani bapa, na akianza kukalishwa mfunge mkanda wa tumbo. Akiumia C3 (pingili ya tatu ya shingo) kwenda juu uwezekano wa kutoka kabisa ni mdogo, familia iambiwe mapema kwa ukweli. Kukohoa hawezi, msaidie kwa kusukuma tumbo wakati anatoa pumzi.

Guillain-Barré usianze mpaka nguvu zimeanza kurudi shingoni na mabegani, na ujiandae kwamba saksheni inaweza kushusha mapigo ghafla, atropini iwe karibu. Pepopunda subiri mishtuko iishe na dozi za kutuliza ziwe zimeshuka, mara nyingi ni wiki tatu au nne, halafu anatoka haraka kuliko ulivyotegemea. Chanjo apewe, kuugua pepopunda hakumpi kinga.

Mwisho: kutoa traki

Siku 7 mfululizo bila mashine mchana na usiku, huyo ametoka. Mrija unabaki kwa sababu ya makohozi tu. Anakohoa kwa nguvu mpaka yanaruka kwenye traki? Anameza? Saksheni haizidi mara mbili kwa saa 8? Kigezo hiki cha saksheni kilijaribiwa Hispania 2020 dhidi ya kile cha kuziba traki saa 24, wagonjwa wakatolewa traki siku ya 6 badala ya 13, ila hao walikuwa na oksijeni ya kasi kubwa muda wote. Ukiwa huna, kuziba kwa saa 24 bado ni njia salama, kafu ikiwa chini, na mchana, sio usiku, ndo wakati wa kuanza.

Ukiitoa weka gozi na plasta, mfundishe kubonyeza hapo akikohoa au akiongea, tundu linajifunga lenyewe ndani ya siku kadhaa mpaka wiki mbili. Mwangalie saa 24 pale pale kabla ya wodi. Na ndugu waambiwe siku ya kuruhusiwa: baada ya wiki au miezi akianza kupumua kwa mlio au kuchoka akipanda ngazi, arudi ENT, koromeo linaweza kuwa limebana mahali kafu ilipokuwa. Wengi huwa wanatibiwa pumu miezi na dawa za kuvuta haziwapi nafuu yoyote.